Injini Kuukuu: Tuifufue au Tuiache?

Utamaduni wa taifa aghalabu huzungumzwa kana kwamba ni ngoma, mavazi, methali na mapishi tu. Mambo hayo ni sehemu yake, wala hapana mwenye akili atakayeyabeza. Walakini utamaduni ni pia namna watu wanavyoishi na vyombo vyao: jinsi wanavyovipata, wanavyovitumia, wanavyovitengeneza vinapoharibika, na wanavyoachana navyo vinapochoka. Katika jambo hili la mwisho hatujafikiri vya kutosha. Mashine mpya inapofunguliwa utepe hukatwa, hotuba husomwa na watoto huimba. Mashine hiyohiyo inapochakaa hapana hotuba. Huachwa nyuma ya banda, kuku wakalala juu yake, mpaka siku moja mnunuzi wa chuma chakavu anapopita na mizani yake.

Swali la insha hii ni dogo kwa umbo lakini si dogo kwa uzito: injini kuukuu iliyochakaa, je, tuifufue au tuiache? Na kama tukiifufua, twaifufua kwa haki ya nani na kwa gharama ya nani?

Tuliweke swali letu mahali panapojulikana. Magu ni mji ulio yapata kilomita 60 mashariki mwa Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, karibu na pwani ya ziwa la Victoria. Watu wake hulima pamba, mahindi, mtama na mpunga, hufuga ng'ombe, na walio ufukweni huvua samaki. Katika nchi ya namna hii chakula cha kila siku ni ugali, na ugali hauji bila unga. Zamani unga ulitoka katika jiwe la kusagia. Mwanamke alipiga magoti, akasukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, mbele na nyuma, mpaka nafaka ya jamaa nzima ikawa unga. Na kesho yake akaanza tena. Hapana haja ya kuieleza kwa maneno mengi adha ya kazi ile. Atakaye kuijua na ajaribu kusaga kibaba kimoja cha mtama kwa mikono yake.

Injini ndogo ya dizeli ndiyo iliyomwondolea mama wa kijijini jiwe lile. Katika Afrika Mashariki nyingi kati ya injini hizo zilitoka katika kiwanda cha Lister, kilichokuwa katika mji wa Dursley nchini Uingereza. Aina iliyosifika zaidi ilianza kuundwa karibu na mwaka 1930. Ilikuwa na silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, na nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Ilipozwa kwa maji ya pipa, na iliwashwa kwa mkono. Mwashaji alizungusha mpini wa chuma mpaka magurudumu yakapata kasi, ndipo akaachia valvu, na injini ikakohoa mara moja, mara mbili, kisha ikaanza kudunda. Mdundo ule ulisikika mbali mashambani, na watu walijua bila kuambiwa kuwa mashine iko wazi. Injini za mfano huohuo ziliundwa pia kwa wingi katika mji wa Rajkot nchini India, nazo zikaenea sana.

Historia ya mashine hizi haitengani na historia ya watu wa ziwa. Fedha za kununulia zilitoka kwa wingi katika pamba, na wakulima wa pamba wa Usukuma ndio waliojenga Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Vijiji vilipopangwa upya katika miaka ya 1970, mashine ya kusaga ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyotakiwa na wanakijiji, pamoja na shule, zahanati na maji. Kwa hiyo injini kuukuu iliyomo katika banda la bati si chuma kitupu. Ndani yake kuna jasho la mkulima aliyebeba marobota, na kuna magoti ya mama yaliyopumzika.

Sasa tuchukue mfano. Mfano huu si habari za mtu fulani. Umeundwa kwa mambo yanayoonekana katika vijiji vingi. Tuseme mzee mmoja amefariki, akaacha mjane, watoto, na banda la mashine ya kusaga lenye injini ya umri wa miaka 50 hivi. Injini yatoa moshi wa buluu, yala mafuta mengi ya kulainishia, na asubuhi yawashwa kwa taabu. Nguzo za umeme zimekwisha kufika kijijini. Mtoto mkubwa asema, "Mama, chuma hiki kimekwisha. Tukiuze kwa kilo, tununue mota ya umeme." Mama ajibu, "Mwanangu, ada yako ya shule ilitoka katika chuma hiki. Baba yako hakukiuza wakati wa shida. Wewe wataka kukiuza wakati wa neema?" Fundi aitwa, ainama, asikiliza, ashika bomba la moshi kwa kitambaa, kisha asema, "Itapona, mama. Nipeni wiki mbili."

Ni nani mwenye haki kati ya watatu hao? Methali zetu hazitakata shauri hili kwa niaba yetu. Mtoto akinunua mota, mama ataweza kumwambia, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," na tena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Lakini mtoto naye ana methali zake. Aweza kusema kwamba aliyeona ufa na asiuzibe hana haki ya kulia ukuta unapoanguka, na kwamba injini hii iliachwa bila kuzibwa nyufa zake kwa miaka mingi. Hekima ya wahenga ni ghala. Mwenye kuingia humo hutoka na kile alichokwenda kukitafuta. Hatuna budi kufikiri wenyewe.

Jambo la kwanza linalotakiwa si mapenzi wala dharau, bali ni kipimo. Mama aipenda injini kwa sababu ya marehemu. Mtoto aionea haya kwa sababu ya wenzake wenye mota. Wote wawili wasema juu ya kitu wasichokifungua. Ndani ya injini uchakavu una kanuni zake. Pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na ringi zake huziba nafasi ili hewa isipenye. Sehemu ya juu ya silinda huliwa kuliko sehemu ya chini, kwa kuwa huko joto ni kali na mafuta ni haba. Tena silinda hailiwi sawasawa kwa pande zote: pistoni husukumwa zaidi upande mmoja, na shimo lililokuwa duara huwa kama yai. Fundi mwenye kuijua kazi yake hupima shimo hilo juu, katikati na chini, kisha hugeuza kipimo na kupima tena kwa upande wa pili. Katika injini tuliyoitaja shimo hilo lilikuwa na upana wa inchi nne na nusu lilipotoka kiwandani, yaani milimita 114.3. Tofauti kati ya tarakimu hiyo na zile zinazopatikana leo ndiyo habari ya kweli ya maisha yake.

Kipimo hicho kikishapatikana maneno mengi hunyamaza. Kama ringi peke yake ndizo zilizokwisha, gharama ni ndogo na ubishi hauna maana. Kama silinda imepanuka, yaweza kuchongwa upya ikavikwa pistoni kubwa kidogo, au ikatiwa bomba jipya ndani yake. Kama krenki imeliwa, nayo yaweza kuchongwa ikapewa beringi zinazolingana nayo. Lakini kama kiwiliwili cha chuma kimepasuka mahali pasipozibika, basi mapenzi yote ya mama hayatakifufua, na kumwambia kitapona ni kumwibia mjane. Hapa twaona kwamba kupima si ufundi tu, ni wajibu wa kimaadili. Fundi asemaye "itapona" kabla ya kufungua amefanana na tabibu aandikaye dawa mlangoni pa nyumba ya mgonjwa. Na mtoto asemaye "imekwisha" kabla ya kufungua amefanana na mrithi achimbaye kaburi kabla ya pumzi kukatika.

Tuseme basi injini imefunguliwa, ikapimwa, na imeonekana kuwa yaweza kufufuliwa. Silinda itachongwa, pistoni na ringi zitakuwa mpya, beringi mpya, valvu mpya, pampu ya dizeli na nozeli mpya. Hapa mtoto mwenye akili ya kishule aweza kuuliza swali zuri: kitu ambacho nusu yake ni mpya, je, ni injini ya baba bado, au ni injini nyingine iliyoazima jina lake?

Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 1900 iliyopita, alieleza kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia nyingine, mpaka wanafalsafa wakabishana kama merikebu ile ilikuwa ileile. Watu wa Japani walilijibu swali hilo kwa vitendo. Katika mji wa Ise liko hekalu ambalo, kwa desturi iliyoanza katika karne ya saba, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, la karibuni zaidi likiwa limekamilika mwaka 2013. Mbao ni mpya, lakini wao husema hekalu ni lilelile la kale, maana kinachorithishwa ni namna ya kulijenga. Seremala kijana hujifunza chini ya seremala mzee, na miaka 20 baadaye yeye ndiye mzee.

Nasi hatuhitaji kwenda mbali kulipata jibu kama hilo. Mkulima wa Magu hubadili mpini wa jembe mara nyingi, wala hasemi kuwa jembe lake limekufa. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi katika ziwa letu mwaka 1961, ilitiwa injini mpya ikarudi majini mwaka 2020. Jina lake liliongezwa maneno, lakini Victoria likabaki, na abiria wa Bukoba na Mwanza wanajua ni meli ipi. Chombo cha kazi hudumu kwa kazi yake kuliko kwa chuma chake. Injini ya marehemu itabaki injini yake maadamu inasagia watu walewale, katika banda lilelile, na mikononi mwa watu wanaojua jinsi ya kuitunza. Ikikosa hayo matatu, hata kama kila skurubu yake ni ya asili, imebaki umbo tu.

Neno hilo "wanaojua" latupeleka kwenye hoja iliyo nzito zaidi upande wa kufufua. Maarifa ya kutengeneza hayakai katika vitabu peke yake. Hukaa mikononi, masikioni na puani. Fundi hujua kwa sauti kuwa beringi imelegea, na kwa rangi ya moshi kama injini inaunguza mafuta ya kulainishia au inapewa dizeli kupita kiasi. Maarifa kama hayo yasipotumika kwa kizazi kimoja hufa. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Bukoba, Wahaya walifua chuma kwa karne nyingi. Majembe ya kigeni yalipoingia kwa bei nafuu tanuri zao zilizimika. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walipotaka kuijua kazi ile, walibakia wazee wachache walioifanya ujanani, nao wakajenga tanuri tena kwa kumbukumbu. Matokeo ya uchunguzi ule, yaliyotangazwa mwaka 1978, yalionyesha kuwa wafuaji hao walikuwa na ufundi wa hali ya juu wa kupasha hewa joto kabla haijaingia katikati ya tanuri. Kama watafiti wangechelewa miaka kumi, huenda wangekuta makaburi. Usukuma nao ulikuwa ukipata majembe yake kwa Warongo, wafuachuma wa upande wa Geita na Uzinza, na tanuri zao nazo zikapoa.

Taifa letu lilikwisha kuonja uchungu wa kutegemea mikono ya wengine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ilipopanda duniani, fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri vikaadimika. Mashine nzima ilisimama kwa kukosa ringi moja au nozeli moja. Katika siku zile fundi aliyeweza kuchonga, kulehemu, kubandua gasketi katika kipande cha ngozi au karatasi ngumu, alikuwa na thamani kuliko mwenye duka. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imeanzisha shirika la viwanda vidogo, SIDO, mwaka 1973, ili ufundi usibaki mijini na katika nchi za nje. Mwenye kuipeleka injini kuukuu kwa fundi wa kijijini analipa pia ada ya shule isiyo na ubao, ambamo kijana mshika spana anajifunza kwa kutazama.

Hoja hii ni nzuri, na wengi wapendao mambo ya kale huishia hapo. Sisi tusiishie hapo, maana katika mazungumzo ya mama, mtoto na fundi yuko mtu wa nne ambaye hakuitwa. Naye ni mwanamke wa kitongoji cha pili, aliyetembea na debe la mahindi kichwani. Yeye ndiye atakayelipa. Kama injini iliyofufuliwa inakula dizeli nyingi, bei ya kusaga debe itapanda, na yeye ataitoa. Kama inaharibika kila mwezi, yeye ndiye atakayefika na kukuta banda limefungwa, arudi na mahindi yake, na watoto walale kwa viazi. Kama mkanda hauna kinga, nguo itakayonaswa ni yake. Mama mjane ana haki ya kumkumbuka mumewe. Je, ana haki ya kumkumbuka kwa senti za mwanamke huyu?

Hapa ndipo mahali pa hatari katika kila shauri la kuhifadhi utamaduni. Ni rahisi kwetu sisi tuliosoma, tukaao katika nyumba zenye taa, kusifu mdundo wa injini ya kale na kuuita urithi. Mdundo ule ni mtamu kwa mpita njia. Mwenye debe kichwani hataki mdundo, ataka unga. Kumlazimisha mtu maskini atumie chombo kibovu ili sisi tupate kuona fahari ya zamani ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imevikwa vazi la uzalendo. Hapana mtu aliyempendekezea mama arudi kwenye jiwe la kusagia kwa sababu jiwe ni la asili zaidi kuliko injini.

Lakini mizani hiyohiyo yampima mtoto pia. Mota ya umeme haina moshi, haina ringi, na huwashwa kwa kidole, ni kweli. Walakini yategemea waya uliotoka mbali. Umeme ukikatika mota hunyamaza, wala hapana fundi wa kijijini awezaye kuirudisha sauti yake. Tena nguzo hufika kijijini mapema kuliko zinavyofika katika kila kitongoji. Ikiwa mtoto ataka mota kwa sababu itamsagia mwenye debe kwa bei ndogo na bila kukosa siku, hoja yake ni ya haki. Ikiwa aitaka kwa sababu injini ya kale inamtia haya mbele ya wenzake, basi naye anamlipisha yule mwanamke gharama ya fahari yake. Kuabudu cha kale na kuabudu kipya ni makosa pacha. Yote mawili hukitazama chombo na kumsahau mtu.

Basi tumefika mahali pa kusema kanuni yetu waziwazi. Uzee wa chombo si sababu ya kukitupa, wala si sababu ya kukitunza. Sababu ya haki ya kukifufua ni tatu zikutanapo pamoja: kwamba kipimo kimeonyesha kuwa kitafufuka kweli, kwamba iko kazi inayokingoja na watu wanaoihitaji, nao hawatalipa zaidi ya faida wanayoipata, na kwamba wapo watakaojua kukitunza baada ya fundi huyu kuondoka. Sababu moja ikikosekana, mapenzi yetu yaweza kuwa mema lakini hukumu yetu ni mbaya.

Tuirudishe kanuni hii katika mfano wetu. Vipimo vimeonyesha kuwa silinda yachongeka na krenki ni nzima. Katikati ya kijiji umeme upo, na mota itasaga kwa bei nafuu. Hapo mtoto ana haki. Lakini katika kitongoji ambacho nguzo hazijafika, wanawake bado watembea mwendo mrefu na madebe yao. Hapo injini ina kazi, na mama ana haki. Shauri lililo bora huenda si kuchagua kati ya mama na mtoto, bali kununua mota kwa banda la barabarani na kuipeleka injini iliyofufuliwa kule inakohitajiwa, kijana wa kitongoji kile akiwa amekaa na fundi kwa wiki zile mbili tangu kufunguliwa mpaka kuwashwa. Na kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, watangulie wenye madebe.

Limebaki jambo moja, nalo lahusu injini ambayo kwa haki imehukumiwa kutofufuliwa. Je, iuzwe kwa kilo siku ileile? Ziwa letu lina ndugu yake upande wa magharibi, ziwa Tanganyika, na huko iko habari ya kutufundisha. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakiondoka Kigoma waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi waliopewa amri hiyo walizipaka mashine grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Meli iliinuliwa na Waingereza mwaka 1924. Mashine zilionekana zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya pwani ile kwa miongo mingi. Mafundi wale hawakujua ni nani atakayeiinua, wala kama ataiinua. Walijua tu kwamba kuzamisha ni jambo moja na kuharibu ni jambo jingine.

Hilo ni fundisho kubwa. Katika mashauri yote tuliyoyataja, moja tu halina marejeo. Injini iliyofufuliwa yaweza kuachwa baadaye. Injini iliyoachwa ikiwa imepakwa mafuta na kufunikwa yaweza kufufuliwa baadaye. Mota iliyonunuliwa yaweza kuuzwa. Lakini chuma kilichokatwa na kutiwa katika tanuri hakirudi. Mtu mwenye busara hukaribia shauri lisilo na marejeo kwa hatua za polepole kuliko mashauri mengine. Hatusemi kwamba kila nyumba igeuzwe bohari la vyuma, maana nafasi nayo ni mali na kutu nayo ni ubadhirifu. Twasema kwamba kabla ya mizani ya mnunuzi kuja, ziulizwe nyumba nyingine mbili: jirani mwenye injini ya aina hiyo, ambaye huenda anatafuta kipuri kimoja tu, na shule.

Pale Bujora, Kisesa, katika wilaya hiyohiyo ya Magu, liko jumba la makumbusho ya Wasukuma, katika kituo kilichoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi na vyombo vya kazi vya wazee. Ni vema vitu vile vikawekwa pale, kwa kuwa gharama ya kumbukumbu hulipwa na wote wanaotaka kukumbuka, wala si na mwanamke aliyekuja kusaga. Injini ya dizeli nayo imekuwa sehemu ya historia ya watu hao, na siku moja itastahili nafasi yake kando ya jembe na jiwe la kusagia. Lakini shule yaweza kuipa nafasi iliyo bora kuliko ya kutazamwa.

Kwenu, walimu, neno hili ni lenu. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule isitenganishe akili na mikono. Injini moja mbovu, iliyopatikana kwa bei ya chuma, ni darasa la fizikia, la hesabu, la historia na la maadili kwa pamoja. Wanafunzi na waifungue. Na wapime silinda juu, katikati na chini, waandike tarakimu zao daftarini. Na watafute bei ya kila kipuri mjini Mwanza. Na waende kwa akina mama wanaosaga, waulize wanalipa kiasi gani kwa debe na wanatembea mwendo gani. Baada ya hapo ndipo waketi chini na kukata shauri kama ifufuliwe au iachwe, na kila mmoja atoe sababu zake mbele ya wenzake.

Huenda wakaamua kuiacha. Ikiwa wamepima kwa uaminifu na kumkumbuka mwenye debe, uamuzi huo utakuwa wa haki, na itabakia kazi moja tu ya kuwafundisha: waipake grisi, waifunike, na waandike juu ya kifuniko yale waliyoyakuta ndani, ili atakayekuja baada yao aanzie pale walipoishia.